Hezi 20 za kwenye boksi na ngoma iliyopotea Matiri

Chukua boksi la maiki ya kondensa, yoyote ile utakayoikuta Kariakoo, ligeuze nyuma usome. Karibu kila boksi litakuambia kitu kilekile: mwitikio wa masafa, hezi 20 hadi kilohezi 20. Maiki ya shilingi elfu hamsini inasema hivyo. Maiki ya mamilioni inasema hivyo. Ukiwa mtu wa kuamini maandishi utajiuliza, sasa hao wanaotoa mamilioni wanalipia nini, rangi?

Mimi niliamini. Julai 2019, kiangazi, watu wameshavuna mahindi na kahawa iko juani inakauka, nilipanda basi na maiki mpya kwenye begi kwenda nyumbani Matiri, Mbinga, kurekodi kikundi cha mganda cha baba yangu mdogo. Nilikuwa namaliza mwaka wa tatu wa shahada ya elektroniki, yaani nilikuwa najua kila kitu.

Kama hujawahi kuuona mganda, ni ngoma ya wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Wanyasa ndio wenyewe, sisi Wamatengo wa milimani tunaucheza pia, na ng'ambo ya ziwa, Malawi, wanao. Wanawake wana ya kwao, kioda. Wachezaji wa mganda hujipanga mistari kama askari, suruali imepigwa pasi, hatua ni moja. Hilo halikutokea hivihivi. Mganda ni ndugu wa beni, zile ngoma zilizoiga bendi za jeshi za wakoloni, ambazo Terence Ranger alizifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975, Dance and Society in Eastern Africa. Tarumbeta hazikuwapo, watu wakachukua mabuyu. Buyu linatobolewa, tundu moja linazibwa kwa utando mwembamba sana (zamani ulikuwa ule utando mweupe wa buibui), mtu anaimba ndani yake na utando unavuma. Mabuyu mengi yakiimba pamoja utadhani ni bendi ya shaba iliyojaa nyuki. Na chini ya yote hayo kuna ngoma moja kubwa. Hiyo ndiyo inayoinua miguu.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa akiipiga ngoma kubwa.

Tukarekodi jioni mbili. Nilisimamisha maiki mbele ya mistari, mita kama nne hivi kutoka kwenye ngoma, nikavaa hedifoni, nikatikisa kichwa kama prodyuza. Kila mtu alipata nakala kwenye memori kadi. Watu walifurahi, nami nikarudi Dar.

Baba mdogo alifariki Februari 2023. Siku ya kuanua matanga mtu akasema, tuna rekodi yake, tuiweke. Wakaleta maspika ya kwaya, yale makubwa, si ya simu. Mabuyu yakasikika, kelele za watoto zikasikika, sauti ya mzee mmoja akikohoa ikasikika vizuri kabisa. Mama mdogo akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo wa pili, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mabuyu nayasikia. Ngoma ya baba yako iko wapi?"

Niliposikiliza tena, badala ya dum nikasikia tap, kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Rekodi hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki leo. Kwa kuwa ni ya kwangu, sina wa kumwogopa.

Tuanze na lile neno la kwenye boksi. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ngoma kubwa kama ile hutoa mtetemo wake wa msingi mahali fulani kati ya hezi 50 na 100. Nilipoitafuta kwenye rekodi yangu kwa programu ya kupima masafa, niliikuta karibu na hezi 70, nyembamba kama uzi. Boksi linasema maiki inaanza kusikia kwenye hezi 20, kwa hiyo 70 iko ndani, na mbali na ukingo. Sasa imeibiwa na nani?

Kwanza, maneno "hezi 20 hadi kilohezi 20" peke yake hayasemi chochote. Ni kama mtu akuambie basi lake linatoka Songea mpaka Mbamba Bay bila kukuambia kama linakwenda na abiria. Kipimo cha kweli kina nyongeza: ndani ya desibeli ngapi? Hezi 20 hadi kilohezi 20, kwa tofauti isiyozidi desibeli 3 juu au chini, hiyo ni ahadi unayoweza kumshtakia mtu. Bila nyongeza hiyo, maiki inayoisikia hezi 20 kwa nguvu iliyopungua mara elfu bado "inaisikia". Waandika maboksi wanajua hili. Mchoro wa mwitikio nao mara nyingi umechorwa kwa mkono laini sana, mstari umenyooka kama rula hadi ukingoni, na vitu vya asili havinyooki hivyo.

Pili, na hapa ndipo nilipokaa wiki nyingi, boksi linazungumza kana kwamba maiki ni kitu kimoja. Maiki ya kondensa ni vitu viwili. Kuna kapsuli, yaani kiwambo chembamba cha plastiki kilichopakwa dhahabu, kimewambwa mbele ya bamba la chuma kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. (Kiswahili kimetupa neno moja, kiwambo, kwa ngozi ya ngoma na kwa kitu hiki. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyobahatika hivyo.) Halafu nyuma ya kapsuli kuna amplifaya. Ndiyo, ndani ya lile bomba la maiki kuna amplifaya, na ndiyo maana maiki ya kondensa haifanyi kazi bila umeme wa volti 48 unaopanda kwenye waya uleule unaoshusha sauti.

Kwa nini amplifaya? Kwa sababu kapsuli haina nguvu yoyote. Edward Wente alipounda maiki ya kondensa pale Marekani, mwaka 1916, wazo lilikuwa rahisi: weka chaji ya umeme kati ya kiwambo na bamba, isitoke. Sauti ikikisukuma kiwambo, nafasi inabadilika, na kwa kuwa chaji imefungiwa, volti ndiyo inayobadilika. Lakini uwezo wa kapsuli kutunza chaji ni mdogo ajabu, kama pikofaradi 60 hivi. Pikofaradi ni sehemu moja kati ya trilioni ya faradi. Ukiigusisha na kitu chochote kinachovuta umeme hata kidogo, chaji inatoroka na wimbi linakufa.

Fikiria debe la maji lenye tundu chini. Ukilitikisa harakaharaka, maji yatapanda na kushuka ndani ya debe kabla hayajapata muda wa kuvuja. Ukilitikisa polepole, tundu linashinda. Sauti nyembamba ni mtikiso wa haraka. Ngoma ni mtikiso wa polepole. Kwa hiyo tundu linapokuwa kubwa, anayekufa kwanza ni ngoma, na sauti za juu hazitaona tofauti yoyote. Ndiyo maana mimi na hedifoni zangu mwaka 2019 tulisikia maiki "safi".

Tundu lenyewe ni rezista inayokaa pale kapsuli inapokutana na transista ya kwanza. Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu: gawanya moja kwa mbili mara pai mara rezista mara kapasita. Ukiweka rezista ya gigaomu moja na pikofaradi 60, unapata hezi 2.7. Hapo ndipo nguvu inapopungua nusu, na ngoma ya hezi 70 iko mbali kabisa na hatari. Ukiweka rezista ya megaomu 60, unapata hezi 44. Bado utaandika "hezi 20" kwenye boksi, nani atakuuliza, lakini sasa ngoma imeanza kuguswa.

Utasema basi kila mtu aweke gigaomu moja, au kumi. Watu wengi wanaodai wanajua sauti hudhani rezista kubwa itazidisha kelele, ile shh ya chini kwa chini, kwa kuwa kila rezista hutoa kelele ya joto na kubwa hutoa zaidi. Nami niliwahi kulisema hili mbele ya watu, kwa kujiamini. Kumbe mambo ni kinyume. Rezista na kapsuli kwa pamoja zinaichuja kelele ya rezista yenyewe: rezista ikikua, jumla ya kelele inabaki ileile lakini inasukumwa chini, chini kuliko masikio yetu yanavyofika. Kwa hiyo mtengenezaji anayepanua masafa ya chini hapa mwanzoni anapata na ukimya zaidi, bure. Katika elektroniki vitu vya bure ni vichache, ndiyo maana nakisema hiki kwa sauti.

Gharama ipo, ila ni ya aina nyingine. Gigaomu moja ni kitu dhaifu mbele ya unyevu. Alama ya kidole chenye jasho kwenye ubao wa saketi, au ukungu wa asubuhi ya Machi kwenye milima ya Umatengo, unatosha kufungua njia ya pembeni ambayo umeme utapita badala ya kupita kwenye rezista. Maiki inaanza kutoa vishindo vidogo, pa, pa, kama mahindi ya kukaanga, na masafa ya chini yanayumba. Maiki ghali zinasafishwa kwa pombe kali kiwandani na sehemu hiyo inawekwa hewani, juu ya nguzo ndogo ya teflon, isiguse ubao kabisa. Hayo ndiyo baadhi ya mambo wanayoyalipia. Ukiwa na maiki nyumbani Mbinga msimu wa mvua, itunze kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Sitanii.

Baada ya transista ya kwanza, wimbi linapita kwenye kapasita moja au mbili kabla ya kutoka nje. Kazi yao ni kuzuia umeme mnyoofu na kuruhusu sauti. Hesabu ni ileile. Nilipoifungua maiki yangu mwaka jana nilikuta sehemu mbili zenye kapasita ya mikrofaradi 0.1 inayoingia kwenye kiloomu 20. Kila moja inakata kuanzia hezi 80. Weka mikrofaradi 1 badala yake na kila moja inakata kwenye hezi 8. Tofauti ya bei kati ya vitu hivi viwili haifiki hata ya maandazi mawili.

Sasa hebu tujumlishe, maana hapa ndipo kosa linapofichwa. Kituo kimoja kinachokata kwenye hezi 80 kinaipunguza ngoma ya hezi 70 kwa desibeli 3.6. Mtu atakuambia hiyo ni kidogo, na kweli ni kidogo. Viwili ni desibeli 7.2. Halafu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikabonyeza ile swichi ya kukata bezi iliyoko ubavuni mwa maiki, kwa sababu mwalimu mmoja wa mtandaoni alisema iwashe daima. Ile inaanza kukata kwenye hezi 100, tena kwa ukali mara mbili: desibeli 7 nyingine. Jumla ni zaidi ya 14. Nguvu ya ngoma ya baba mdogo ilipofika kwenye faili ilikuwa imebaki sehemu moja kati ya 25 hivi. Na bado sijahesabu umbali. Maiki inayosikia upande mmoja tu huongeza bezi ukiisogelea na kuipoteza ukikaa mbali, na mimi nilikaa mita nne.

Hata sikio halikunisaidia. Tangu Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, na zinapopungua nguvu hutoweka kwetu haraka kuliko sauti za kati. Ngoma ilikuwa bado imo kwenye faili. Masikioni mwa mama mdogo haikuwamo.

Swichi ile haina kosa lolote, isieleweke vibaya. Ukirekodi karibu na Kitai, malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapoingia barabara kuu, utaishukuru. Ukirekodi mtangazaji anayepulizia herufi p kwenye kiwambo, iwashe. Ninachokikataa ni mazoea, yale ya "chini ya hezi 100 hakuna kitu, kata". Mazoea hayo yamezaliwa kwenye vyumba vya kurekodi sauti ya mtu mmoja, ambako bezi inatoka kwenye kinanda cha kompyuta. Pale kweli chini ya 100 hakuna kitu kingi. Ukiyabeba mazoea hayo hadi kwenye uwanja wa ngoma umekwenda na kisu cha kumenyea viazi kuchinja ng'ombe. Nina wasiwasi na rekodi nyingi za ngoma za asili zinazozunguka kwenye simu zetu sasa hivi. Sikiliza chache kwa hedifoni nzuri, za mganda, za lizombe ya Wangoni, uniambie kama ngoma kubwa ina tumbo au ina kucha tu.

Wazee wa zamani walikuwa na vifaa duni na walifanya vizuri zaidi. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na baadaye, 1954, akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika kule Afrika Kusini, alijulikana kwa kushika maiki mkononi na kuisogeza: kwa mwimbaji, kwa ngoma, kwa mwimbaji tena. Mimi niliweka stendi nikaenda kunywa soda.

Nimesema sana juu ya chini. Twende juu kidogo, kwa sababu mabuyu nayo hayakunusurika, ila yaliharibiwa kwa njia tofauti: hayakupunguzwa, yaliongezwa.

Kapsuli za maiki nyingi za bei nafuu ni nakala ya kapsuli moja, K67, ambayo Neumann wa Ujerumani waliitoa mwaka 1960 pamoja na maiki yao ya U 67. Kapsuli hiyo ina tabia ya makusudi: inaziinua sauti za juu, kilele chake kikiwa karibu na kilohezi 10. Ni kapsuli ya makelele, ukiisikiliza peke yake. Lakini Neumann hawakukusudia uisikilize peke yake. Amplifaya ya U 67 ilitengenezwa izishushe sauti hizohizo kwa kiasi kilekile, na inapozishusha inaishusha pamoja nazo ile shh ya amplifaya. Ni ujanja uleule wa redio ya FM: kituo kinapandisha za juu, redio yako inazishusha, mkwaruzo unaondoka nazo. U 87 iliyofuata mwaka 1967 ilirithi ujanja huo.

Wanakili wakanakili kapsuli, wakaacha amplifaya. Badala yake wakaweka saketi nyingine nzuri tu, iliyoigwa kwa Schoeps, ambayo ni nyoofu, haiinui wala haishushi. Saketi ya Schoeps ilitengenezwa kwa kapsuli za Schoeps, ambazo hazihitaji kusahihishwa. Ukizioa hizi mbili unapata mwenye deni asiye na wa kumlipia: za juu zimeinuliwa na hakuna aliyezishusha. Kisha muuzaji anakuambia maiki hii ina sauti kali, ina masafa mapana, sikia inavyometameta. Inameta, kweli. Kwenye Kiswahili, lugha ya "msifuni" na "asanteni sana" na "sisi sote", inameta mpaka inachoma. Wanakwaya wangapi wameambiwa na prodyuza kwamba wana matatizo ya s, wakati tatizo ni kapasita moja isiyokuwapo? Kwenye rekodi yangu mabuyu yamekuwa mbu. Ule uvumo mnene wa utando umepigwa ukingo wa juu peke yake, umeachwa bila kifua.

Ndiyo maana sina haraka ya kushangilia masafa mapana kwa ajili ya upana. Sanken wa Japani wana maiki inayofika kilohezi 100, na wenye kurekodi ili baadaye waipunguze kasi sauti wana matumizi nayo halisi. Mimi na wewe masikio yetu yanaishia 20 tukiwa watoto, na yanashuka kila mwaka. Juu ya hapo sibishani na mtu, pesa ni zake.

Upande wa chini nabishana. Kuna watu, tena wasomi, watakaosema: kama ngoma iko kwenye hezi 70, amplifaya inayoanzia 40 inatosha. Haitoshi, kwa sababu kichujio hakipunguzi nguvu tu, kinachelewesha na kuwahisha pia. Pale kinapokata, mawimbi yanasogezwa nyuzi 45, moja ya nane ya mzunguko mzima. Mara kumi juu ya hapo bado yanasogezwa karibu nyuzi 6. Pigo la ngoma si wimbi moja, ni kishindo chenye mawimbi mengi yanayoanza pamoja, na ukisogeza ya chini bila ya juu, kishindo kinalegea, mkono wa mpigaji unatawanyika. Kwa hiyo ninapotengeneza amplifaya kwa ajili ya ngoma ya hezi 60 nataka ikate kwenye hezi 6 au chini yake. Nikitaka kukata zaidi nitakata baadaye, kwenye kompyuta, nikiwa nimetulia na nakala ya asili iko salama. Ukishakata ndani ya maiki hakuna nakala ya asili.

Au ipo, kwa sehemu. Jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Vile vituo viwili vya hezi 80 ndani ya maiki yangu vinafuata hesabu inayojulikana, na swichi pia. Kinachojulikana kinaweza kugeuzwa. Niliandika programu fupi inayofanya kinyume cha kila kimoja, desibeli kwa desibeli, nyuzi kwa nyuzi, nikaipitisha rekodi ya 2019. Umbali sikuweza kuurudisha, wala kona ya memori kadi ambako mtu aliibana faili iwe ndogo. Lakini kwenye nakala niliyokuwa nayo mimi, ambayo haikubanwa, ngoma ilisimama. Si yote. Tumbo lake lilirudi, na pigo la pembeni ambalo baba mdogo alilipenda, lile la kuchelewa kidogo kabla ya mistari kugeuka, likajulikana kuwa ni lake.

Pamoja nayo vilipanda vyote vilivyokuwa vimelala chini. Upepo wa Julai ukapanda. Na jenereta. Umeme ulikuwa umekatika jioni ile ya pili, tukaazima jenereta dogo la injini ya silinda moja, tukaliweka nyuma ya nyumba. Injini kama hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 25 kwa sekunde, na mwangwi wake wa tatu uko kwenye hezi 75, jirani kabisa wa ngoma. Nililichonga nilivyoweza. Ukilichonga zaidi unaichonga ngoma.

Agosti mwaka jana nilikwenda na faili hiyo Matiri, nikaazima sabufa ya jirani. Sikumwambia mama mdogo nimefanya nini, nilisema tu nimeisafisha. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Ngoma ilipoingia mikono ikasimama. Aliusikiliza wimbo wote, na wa pili, na ule wa tatu ambao hata mimi nilikuwa nimeusahau. Kisha akaanza kuchagua tena.

"Eeh, huyo ndiye," akasema. Baada ya muda akauliza, "Na hilo jenereta lilikuwa la nani?"